Asante kwa mzee aliyeninyima kazi

Oktoba 2016 nilidamkia stendi ya Mtwara mjini, nikapanda Coaster ya Tandahimba kwenda kutafuta kibarua cha msimu kwenye ghala la korosho. Stashahada ya uhasibu ninayo, viatu nimevipiga brashi, bahasha kwapani. Kufika, majina ya makarani yalishapangwa na langu halimo. Mzee aliyesimamia ubora ndiye aliyenitamkia, bila kupindapinda: wewe hesabu unazijua, korosho huzijui.

Nikakaa kivulini kusubiri gari la kurudi. Akanifuata.

"Njomba, umeshawahi kushika bambo?" Ni kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kutoa sampuli.

Sijawahi. Akaniinua, akanipeleka kwenye rundo la magunia yaliyoletwa na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Akanionyesha kwamba bambo halichomwi juu tu, kwa sababu juu ndipo kila mtu anapoweka korosho nzuri. Unachoma ubavuni, katikati, halafu chini kwenye kona. Akamimina sampuli kiganjani, akachukua kisu, akapasua korosho moja kwa urefu. Kiini cheupe, kimejaa. Ya pili imesinyaa kama ulimi wa kuku. "Hii ndiyo inayomshushia bei mkulima mnadani," akasema, akafuta utomvu kwenye gunia usimchome vidole. Robo saa tu, kisha akarudi kazini kwake.

Usiku, nyumbani Chikongola, niliandika ujumbe: "Asante mzee kwa yote." Nikaufuta. Hayo "yote" ni yapi? Nikaandika upya kwamba leo nimejua kwa nini bambo lichomwe chini kwenye kona, na kwamba kesho naenda kwa mjomba wangu kupasua korosho zake nijifunze kutofautisha viini. Sikuomba kitu. Hakujibu, na mimi nikasahau. Kwa mjomba lakini nilikwenda, na vidole vilibabuka wiki nzima.

Septemba iliyofuata simu ikaita. "Wewe ndiye kijana wa bambo?" Ghala moja upande wa Masasi lilikuwa linatafuta karani anayeweza pia kusaidia sampuli, wakamuuliza kama anamjua mtu. Barua yangu ya maombi hakuwa nayo, na nadhani hata jina langu la pili hakulijua. Alichokuwa nacho ni ule ujumbe kwenye simu, na ndani yake mlikuwa na kitu cha kumwambia mwenzake: yupo kijana nilimfundisha, akaenda kufanyia mazoezi. Mtu akiulizwa "unamjua nani?" huwa hapekui mafaili, anapekua kichwa. Ukimshukuru kwa jambo mahususi unamwachia cha kukumbuka, na cha kusema.

Na usidhani nilishakuwa fundi wa kushukuru. Mwaka wa pili kwenye kazi hiyo ya Masasi nilimshukuru bosi mmoja kwa kunielekeza mfumo wa stakabadhi za mzigo ghalani, kisha humo humo kwenye ujumbe nikamwomba anifikirie nafasi ya msimamizi. Kimya. Ningekuwa yeye nami ningenyamaza, maana asante ile ilikuwa chambo na ndoano inaonekana. Siku hizi nikiwa na ombi, nalipeleka siku nyingine na naliita ombi.

Kuna jambo lazima niliseme kwa sababu huku kwetu neno lenyewe limechafuliwa. Mtu ana magunia yenye unyevu uliopita kiwango, anaacha noti ya elfu kumi chini ya daftari lako: "Asante yako hiyo, kijana." Hiyo ni rushwa, hata ikiitwa jina tamu kiasi gani. Irudishe mbele ya watu, mwambie akaanike. Shukrani ninayoizungumzia haigharimu zaidi ya salio la simu, na huja baada ya jambo kwisha.

Ila mbele ya watu ndipo shukrani ya kweli nayo inapopendeza. Nenda kwenye ngoma yoyote, mpiga ngoma akipiga vizuri hatunzwi kwa siri nyuma ya nyumba. Noti inabandikwa usoni, watu wakitazama. Ghalani tulipokuwa tukikagua mzigo ukatoka bila dosari, mimi nilikuwa namwambia mkubwa wetu, kuli aliyeupanga akisikia: huyu ndiye aliyetenga magunia yaliyolowa. Makuli hao wanahama na kazi, msimu ghalani, baadaye bandarini Mtwara. Mmoja wao ndiye aliyenipigia kuniambia kampuni ya usafirishaji inaandika watu, siku mbili kabla tangazo halijabandikwa. Ndiko niliko sasa.

Sitaki kukudanganya kwamba kila asante inazaa. Nimeshukuru watu wengi ambao hawajawahi hata kupokea salamu yangu tena, na wengine, shukrani ya punda, walinisema vibaya. Huwezi kujua ipi itaota, kwa hiyo usihesabu.

Yule mzee amestaafu, yuko Newala na mikorosho yake. Mwezi uliopita nilimpigia, nikamweleza kazi mpya na jinsi ile robo saa ilivyonifikisha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya, sasa unaomba nini?"

"Siombi kitu, mzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema nikate simu, namalizia salio bure, na yeye salfa ya kupulizia mikorosho inamsubiri shambani.