Siti za pamoja ukipanda ndege na watoto: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Naenda Dar na mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi 14. Nilipie siti tatu? (Mama, Shangani, Mtwara)

Mbili zinatosha. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa, ila naye hukatiwa tiketi yake kwa sehemu ndogo ya nauli, na mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Jina lake na tarehe ya kuzaliwa viingie kwenye bukingi tangu mwanzo, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkobani. Mkubwa akae dirishani, wewe upande wa njia. Mhudumu akikupa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye wako, utumie. Usimzungushie mtoto mkanda wako mwenyewe: ndege ikifunga breki ghafla, uzito wako ndio utakaombana.

Wakala alitukatia mimi na mke wangu, mtoto wa miaka mitano tukamwongeza siku nyingine. Siti yake imekuja mbali nasi. (Baba, Masasi)

Kompyuta ya shirika inawajua kama familia mkiwa kwenye bukingi moja tu. Jina la ukoo kufanana hakuisaidii kitu. Nyie mna bukingi mbili, na hatari yake si siti peke yake: safari ikibadilishwa, wazazi mnaweza kuhamishiwa ndege nyingine na mtoto akabaki kwenye ile ya awali.

Chukua namba zote mbili za bukingi (zile herufi na tarakimu sita), nenda ofisi ya shirika au piga simu, uombe mambo mawili kwa mpangilio huu: kwanza ziunganishwe, kisha mpangiwe siti. Usikubali jibu la “nimeandika maelezo”. Maelezo si siti. Utajiwe namba ya siti ya kila mmoja. Mhudumu akikwama, chekini mtandaoni (mthibitishe safari na kupata siti) huduma hiyo inapofunguliwa, mara nyingi saa 24 kabla ya safari, wakati siti bado ni nyingi. Likizo za Juni na Desemba, au msimu wa korosho, usisubiri hata hapo.

Tuko watano, watoto wana miaka 3, 6 na 9. Tukaeje? (Mama, Mtwara mjini)

Inategemea ndege. Dash 8 na ATR zina siti mbili kila upande: mstari mmoja uwabebe wanne, kila mzazi na mtoto mmoja, na wa miaka 9 akae nyuma ya mzazi mmojawapo. Airbus A220 ina mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, kwa hiyo mstari mmoja unawatosha nyote. Kwenye mlango wa dharura msichague; watoto hawaruhusiwi hapo. Tena ATR hupandiwa mlango wa nyuma, hivyo mwenye watoto na mizigo ya mkononi siti za nyuma humfaa zaidi, ingawa wengi hukimbilia za mbele.

Nilichagua siti, siku ya safari nikakuta nyingine. (Msomaji, Newala)

Huenda ndege ilibadilishwa ikaletwa ya aina nyingine. Mpangilio wa siti haufanani, mfumo ukawagawia upya. Angalia bukingi tena usiku wa kuamkia safari.

Tukifika kaunta tukaambiwa tumetenganishwa, tufanyeje? (Baba, Lindi)

Sema kabla mizigo haijapokewa na kadi za kupandia hazijachapwa. Kutoka Lindi hadi uwanja wa Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, basi ondoka mapema: anayefika kaunta ikikaribia kufungwa hupewa zilizobaki. Ikishindikana, mwambie mhudumu pale mlango wa kupandia, halafu wa ndani ya ndege. Usihamehame mwenyewe kabla ya kuruka. Kwenye ndege ndogo uzito hupangwa kwa kuangalia nani kakaa wapi.

Ukimwomba abiria mpishane, mpe siti iliyo sawa na yake au nzuri zaidi. Mwenye dirisha hakubali kirahisi kwenda kubanwa katikati. Na kama siti mbili tu zimepatikana pamoja, mzazi mmoja akae na mdogo kuliko wote.

Mwanangu atatimiza miaka 2 tukiwa Dar. (Mama, Nachingwea)

Kwenda atapakatwa, kurudi anahitaji siti. Mwambie wakala tarehe hiyo kabla hajakata tiketi, na ulipie siti ya kurudi palepale.