Binti ameitwa KMTC kusomea meno: je, madaktari watamkubali?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Binti yangu amepata nafasi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kusomea diploma ya afya ya kinywa ya jamii. Mimi nilifurahi, lakini mjomba wake, aliye mapokezi kwenye kliniki ya meno mjini, anasema hata wahadhiri wa meno hawaitaki hiyo kozi, eti inatoa madaktari nusunusu. Karo ni yangu, nauza mitumba Gikomba. Nilipe au niache? – Mama Kevo, Umoja

JIBU: Mama Kevo, mjomba hajadanganya, ila kakuletea kipande tu. Mimi hufundisha madaktari wa meno hapa Nairobi, na likizuka jambo hili wakati wa chai, chai hupoa.

Wenzangu wanaopinga wana hoja moja nzito. Kung'oa jino ni kazi nyepesi mpaka mzizi ukatikie ndani, au mgonjwa awe anameza dawa za kuzuia damu kuganda na hakusema. Wanauliza: huyu aliyesoma miaka mitatu tu atajua pa kukomea na kuandika rufaa? Swali zuri. Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: wanafunzi wetu wenyewe wanasota kupata ajira za kaunti, sasa tuwaongezee washindani? Hiyo ni hofu ya unga, na haina uhusiano na usalama wa mgonjwa.

Mabishano haya si ya Kenya peke yake. New Zealand ilianza kufundisha wauguzi wa meno wa shule mwaka 1921. Kule Alaska, wahudumu wa kwanza wa namna hii walipelekwa kusomea huko huko New Zealand, na waliporudi chama cha madaktari wa meno cha Marekani kikaenda mahakamani kuwazuia. Hakikufaulu, na mwaka 2009 jimbo la Minnesota likawaruhusu kwa sheria.

Mimi niko upande wa kuwafundisha. Niliwahi kumtazama mwanafunzi wa kozi hiyo akimhudumia mtoto wa darasa la pili. Gego la kudumu, lile linalotoka kwenye miaka sita na wazazi wengi hudhani ni la utoto, lilikuwa na tundu. Hakuwasha mashine. Alikwangua sehemu iliyooza kwa kifaa cha mkono, akaosha, akakausha kwa pamba, akajaza saruji ya meno na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini. Mtoto aliuliza kama anaweza kwenda kucheza. Njia hiyo haihitaji umeme, na ilianzia kwa jirani zetu Tanzania miaka ya 1980. Bingwa wa upasuaji wa taya wa kazi gani hapo?

Nilichokiona ni kwamba mhadhiri aliyewahi kusimama nyuma ya kiti akiwasimamia hawa vijana huwasema kwa upole kuliko yule anayewasikia mikutanoni tu. Ningekuwa na uwezo, wangefanya mazoezi kliniki moja na wanafunzi wetu, kila mmoja ajue mwenzake anaishia wapi.

Kwa upande wa sheria, usihofu. Akihitimu atasajiliwa na KMPDC, baraza lile lile linalotusajili sisi. Atasafisha meno, ataziba, atang'oa yasiyo na utata na kufundisha shuleni. Akitaka kufunga meno waya au kupasua taya, hiyo si kozi yake, na ajue hilo leo.

Kwa hiyo lipa, lakini kwanza binti aende akaulize pale kampasi aliyoitwa: wagonjwa wa mazoezi wanatoka wapi, wanafunzi wangapi wanagawana kiti kimoja, na nani anayesimama nyuma yao. Akijibiwa kwamba mambo ya wagonjwa yatajulikana baadaye, aombe kuhamishiwa kampasi nyingine yenye kozi hiyo, kama ipo. Naye mjomba, kwa kuwa yuko mapokezi, amuulize daktari wake kama atawapokea wanafunzi hawa likizo ikifika.