Umeniuliza Mawazo Nayatoa Wapi

Wiki iliyopita hadithi yangu fupi ilikubaliwa kuingia kwenye mkusanyiko. Maneno elfu tatu na ushei, nimeyaandika upya mara saba. Nilipotangaza hapa pongezi zilimiminika, na bado nazipitia moja moja. Lakini kuna ujumbe mmoja nimeusoma kuliko yote: "Dada hongera sana. Ila wewe una kipaji, mawazo yanakujia yenyewe. Sisi ambao hayatujii tufanyeje?"

Nilianza kujibu kwa mistari miwili, nikafuta. Hilo neno kipaji lilinichoma. Mdogo wangu, huyo unayemwambia hivyo aliwahi kukaa miezi kumi na moja bila kumaliza ukurasa mmoja. Watu wakimuuliza, anajibu "kitabu kinaendelea vizuri", na daftari lenyewe hajui aliliweka wapi.

Ilikuwa hivi. Miaka minne iliyopita nilipeleka mswada wa riwaya kwa mhariri mmoja, ambaye simtaji. Baada ya miezi mitano ukarudi na barua ya sentensi tatu. Ya kwanza ya kushukuru, ya tatu ya kuniaga. Ya pili ilisema: "Unaandika vizuri, ila sijamsikia mwandishi." Nilikasirika kweli. Nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba yule mtu hajui kusoma. Kisha usiku mmoja nikaufungua mswada nimwoneshe mume wangu jinsi nilivyoonewa, nikaanza kumsomea kwa sauti. Sura ya kwanza nilikuwa naongea kama mwandishi ninayempenda tangu utotoni. Ya nne, kama mwingine niliyemgundua mwaka ule. Kufika ya sita nikaacha kusoma. Mume wangu hakusema kitu, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko barua.

(Mhariri alikuwa sahihi. Miezi mitano kwa sentensi tatu, hata hivyo, sijamsamehe.)

Nikaamua nitafute sauti yangu na mkondo wangu, yaani ile hali ya kuzama kwenye kuandika. Unajua nilianzia wapi? Kwenye ratiba za watu wengine. Nilisoma kuhusu Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, aliyekuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, ndipo aende kazini kwake posta. Aliacha riwaya 47. Nami nikatafuta saa. Siku ya nne niliamkia juu ya daftari, shavu lina wino, na kazini nimechelewa. Nikahamia kukesha. Nikajaribu muziki, nikajaribu ukimya, nikajaribu kuandika nimesimama. Wahenga wa mtaani wanasema ukiiga kutembea kwa tembo utapasuka msamba, nami nilipasuka. Miezi iliyofuata sina cha kusimulia kwa sababu sikuandika. Nilisubiri mzuka, na mzuka haukupanda.

Kilichonitoa ni simu kuharibika.

Ilikaa kwa fundi wiki mbili. Kwenye basi la kwenda na kurudi kazini nikawa sina pa kuweka macho, na masikio nayo yakawa wazi. Siku ya tatu au ya nne, mama mmoja kiti cha mbele alikuwa akiongea na simu, anacheka, sauti imechangamka, halafu kabla ya kukata akasema kwa sauti ileile ya uchangamfu: "Usimwambie nimelia." Akaweka simu kwenye mkoba, akatazama nje. Nilichukua risiti nikaandika maneno hayo nyuma yake. Sikuwa na mpango nayo. Nilihisi tu kwamba nikiyapoteza nitajuta.

Nilitembea nayo kama siku kumi. Jumamosi moja nafua, mikono imo kwenye maji, nikamkumbuka marehemu baba. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi. Sisi watoto tukisikia mluzi tunaambiana baba leo amefurahi, twende tukaombe tunachotaka. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa akipiga mluzi siku mambo yalipomwendea vibaya. Yule mama wa kwenye basi na mluzi wa baba vikakutana pale kwenye beseni. Nguo nilizimalizia jioni. Hiyo ndiyo hadithi iliyokubaliwa wiki iliyopita.

Sasa mtu akiniona nimetupa nguo na kukimbilia kalamu atasema wazo limenijia lenyewe. Halikuja lenyewe. Nusu yake niliipata kwenye basi kwa kuwa nilikuwa nasikiliza, na nusu nyingine nilikuwa nimeibeba zaidi ya miaka ishirini.

Baadaye nikakuta kwamba kuna aliyekwisha kuyapanga haya. Mwingereza Graham Wallas, katika kitabu chake cha 1926, aligawa kazi ya kupata wazo katika hatua nne: kukusanya na kuhangaika nalo, kuliacha litulie, kumulikwa ghafla, kisha kulipima. Hiyo ya pili mimi naiita kuvumbika, na Kiswahili kilishatuonya zamani kwamba mvumbika changa hula mbovu. Wengi wetu tunavumbika changa. Tunapumzisha wazo ambalo hatujalihangaikia, halafu tunalalamika halikuiva.

Mfano unaonipendeza ni wa Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa. Alisimulia mwaka 1908 jinsi suluhisho la jambo lililomsumbua lilivyomjia akiwa safarini, mguu ndio kwanza unakanyaga ngazi ya gari la abiria, na wala hakuwa akilifikiria wakati huo. Watu hupenda kusimulia kipande hicho cha ngazi. Wanaacha kipande cha mwanzo: kabla ya hapo alikaa mezani kila siku kwa siku kumi na tano akijaribu mchanganyiko huu na ule bila kufika popote. Hata baada ya ile ngazi, alirudi nyumbani akahakiki kwa utulivu. Ukitaka ngazi ya Poincaré bila siku zake kumi na tano, utapanda magari mengi sana.

Wanasayansi wa Uingereza wa karne ya 19, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, ni hivyohivyo. Wote wawili walisoma insha ya mwanauchumi Thomas Malthus kuhusu ongezeko la watu. Kwa Darwin ilikuwa 1838. Wallace aliikumbuka 1858, akiwa amelazwa na homa. Kila mmoja kwa wakati wake akafikia wazo lilelile la uteuzi wa asili, kwamba viumbe vinavyoendana zaidi na mazingira yao ndivyo huishi na kuzaa zaidi. Wangapi waliisoma insha hiyo? Wengi mno. Ila hawa wawili walikuwa na miaka ya kuokota wadudu, ndege na mimea kwenye visiwa vya mbali. Insha ilikuta kapu limejaa. Wenyewe tunasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kagaegae basi! Unakaa chumbani unatazama ukuta, unamdai Mungu wazo, na kapu lako halina hata jani.

Samahani, nimepandisha sauti. Nasema hivi kwa sababu chumba hicho nimekikaa.

Kuhusu huo mkondo wenyewe, ile hali ya kuzama mpaka unashtuka giza limeingia, mwanasaikolojia Mhungaria aliyefanya kazi Marekani, Mihaly Csikszentmihalyi (jina lake nalinakili herufi kwa herufi), aliichunguza kwa kuwahoji wapanda milima, wacheza sataranji, wapasuaji na wacheza dansi, akaiandikia kitabu 1975. Aliona kwamba watu huzama pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wao. Kazi ikizidi uwezo, hofu. Uwezo ukizidi kazi, kuchoshwa. Niliposoma hapo nililia kidogo, sioni aibu. Nilikuwa nimejitwisha riwaya ya kurasa mia nne wakati mabega yangu yalikuwa ya hadithi fupi. Nilikuwa najiita mvivu kumbe nilikuwa naogopa.

Mkondo wangu mimi, kwa anayetaka kujua, huanza na sauti ya mtu. Nikianza na mpango wa hadithi nakwama, nikianza na sentensi niliyoisikia mtu akiitamka naenda. Dakika ishirini za mwanzo ni takataka kila siku, hata juzi, hata baada ya kukubaliwa. Zamani nilikuwa nikiinuka dakika ya kumi na tano, nasema leo stimu zimekata. Siku hizi naandika takataka mpaka ziishe. Na nikikwama natembea. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakiwa wamekaa, hata kama wanatembea kwenye mashine ya mazoezi wakitazama ukuta mtupu. Kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Nami nimeliona hilo: rasimu ya kwanza naitafuta kwa miguu, kusahihisha nakaa.

Wewe huenda ukaanza na picha, au harufu, au hasira. Sijui lako. Chunguza siku ulizowahi kuandika bila kujisukuma, uone zilianza na nini. Beba daftari. Simu iweke kwenye mkoba ukiwa njiani, hata bila kuiharibu. Unachokisikia kiandike kabla hujajiuliza kina faida gani. Na tafadhali, beba daftari, najua nimeshasema. Halafu achana na hilo neno kipaji, linakupa ruhusa ya kukaa bure.

Tangu wiki iliyopita sijaandika hadithi mpya, nikwambie ukweli. Nimekuwa nikiisoma barua ya kukubaliwa. Ila jana kwenye daftari kuna mstari: "Mtu amerudisha mwavuli usio wake, akadai ni uleule." Bado sijui ni nani, na mwenye mwavuli alinyamaza kwa nini.

Na yule mhariri. Mkusanyiko ukitoka nimefikiria kumtumia nakala. Mume wangu anasema niache, yaliyopita yamepita. Sijaamua. Nikituma, nitaweka na barua, na nimeshaihesabu: ina sentensi tatu.