Maswali Yenu: Daktari kwa Njia ya Simu

SWALI: Assalaam alaikum. Mama yetu yuko Faza na ana presha. Kumpeleka Lamu kila mwezi ni nauli ya boti na kungoja maji yajae. Tumemlipia daktari wa mtandaoni, lakini kila tukimpigia anasema tumletee vipimo kwanza. Mashine ya presha tunayo, ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Anataka nini zaidi?

JIBU: Waalaikum salaam. Anataka vipimo vya wiki nzima. Namba moja iliyopimwa mama akitoka kupuliza moto jikoni haimsaidii.

Mpimeni asubuhi kabla ya dawa na chai, halafu jioni, kwa siku 7. Aende haja kwanza, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini bila kuipandanisha, wala asizungumze. (Hapa ndipo nyumba zetu hushindwa: mgonjwa anapimwa huku anaulizwa habari za harusi, na presha inapanda.) Pimeni mara mbili, mkiachia dakika moja, mwandike zote, pamoja na mapigo ya moyo. Daktari huacha vipimo vya siku ya kwanza na kutafuta wastani wa vilivyobaki.

Mashine ya kifundo ina kasoro yake: mkono ukilala mapajani, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu pointi 8. Mwinulieni kifundo hadi usawa wa moyo, juu ya mto. Mkiweza, nunueni ya mkono wa juu, yenye mkanda unaoenea mkono wake. Mkanda mdogo nao hudanganya kwa kupandisha.

Daftari lipigeni picha mulitume kabla ya simu, pamoja na picha za pakiti za dawa zote, hata za kienyeji na za maumivu. Baadhi ya dawa za maumivu hupandisha presha. Mtandao ukisuasua, zimeni video mubaki na sauti.

Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, pumzi inabana, mdomo umekwenda upande au mkono umelegea, msingoje daktari wa simu. Tafuteni boti.

SWALI: Nitajuaje kama daktari ni wa kweli? (Langoni, Lamu)

JIBU: Muulize jina kamili na namba ya usajili, ukamtafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iliyoko mtandaoni. Tazama kama leseni ni ya mwaka huu, kwani huhuishwa kila mwaka. Akikasirika kuulizwa, usimtumie pesa.