Rubondo kwenda na kurudi siku moja, "kila kitu ndani"? Mkuu, usitume hiyo hela

Usitume. Kama umeshatuma, piga simu sasa hivi udai irudi, halafu uje tuendelee.

Umesema mko sita, Jumamosi mnatoka Mwanza alfajiri, mkaone miti mikubwa na sokwe wa Rubondo, ile hifadhi ya kisiwani Ziwa Victoria, jioni mko nyumbani, na kuna jamaa wa mjini anawafanyia laki na ishirini kila kichwa, "kila kitu ndani". Ukauliza viatu gani, mbebe chakula gani, na sokwe mtawaona au la. Mimi nimeishia kwenye "kila kitu ndani", tumbo likanikata. Ndiyo maneno niliyouziwa.

Sisi tulikuwa saba, nami ndiye mweka hazina, eti nina sura ya uaminifu. Nikamrushia dalali milioni moja na hamsini elfu kwenye simu yake. Kiingilio kimo, boti imo, mwongozaji yumo. Foleni ya pantoni Kigongo ikatula, tukafika Nkome, pa kupandia boti, saa sita na nusu mchana. "Boti ya kisasa" ikawa mtumbwi wa wavuvi, magamba yamekaukia kwenye mbao, majaketi ya kujiokolea mawili kwa watu saba. Tungegeuza pale pale. Hatukugeuza kwa sababu tulishalipa, na mtu aliyeshalipa huwa mpole kupita kiasi.

Kisiwani askari akauliza kwa adabu kabisa, "Kontroo namba yenu?" Tukatazamana. Kumbe hifadhi ya taifa hupeleki noti mkononi, unapewa namba, unalipia, jina lako linaonekana. Majina yetu hayakuwepo popote. Nampigia dalali, hapatikani. Nilipiga mara kumi na moja, sijui nilidhani ya kumi na mbili ingemkuta na aibu. Tukachangishana upya, na mtandao wenyewe wa kubahatisha: mwenzetu amesimama juu ya jiwe kainua simu juu kama anaomba mvua. Malipo yanasoma, ni saa tisa na nusu.

Msituni tulipata nusu saa. NUSU SAA. Kuna mkuyu pale ulianza kama mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi chini, ukaukumbatia mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza. Ndani pamebaki uwazi; unaingiza kichwa unaona mbingu kwa juu. Ningekaa hapo siku nzima. Nzohe, yule swala wa kwenye majimaji, tulimwona mgongo tu, akazama kwenye mafunjo. Mbung'o ndio hawakutuangusha: rafiki yetu alivaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi, rangi wanazozipenda, kwa hiyo sisi wengine tulitembea karibu naye kwa amani.

Sokwe? Mababu zao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa msituni, na msitu ndio umefunika sehemu kubwa ya kisiwa. Watu wanalala huko siku kadhaa wakiwafuata na bado wanawakosa. Wewe unakwenda na saa mkononi.

Halafu upepo ukapanda, ziwa likachafuka, nahodha akagoma kuvuka. Hapo alikuwa na akili kuliko sisi sote. Tukalala, tukalipia na malazi. Mke wangu mpaka leo anaitaja ile "siku moja" yangu wageni wakija.

Najua utaniambia siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi. Lipo, tangu Juni 2025. Limefuta pantoni, mkuu, halijafuta ziwa.

KONTROO NAMBA KWANZA. Wasiliana na hifadhi wewe mwenyewe, upewe namba, ulipie, uulize boti inatokea wapi na saa ngapi (Kasenda, upande wa Muganza, ni karibu na kisiwa kuliko Nkome). Ukishaona malipo yamesoma ndipo uongee na binadamu mwingine yeyote. Na mlale huko. Kama mna siku moja tu, nendeni Saanane: unapanda boti hapo hapo Mwanza, Capri Point, kisiwa kidogo, mawe na pimbi, hakuna wa kukupotezea siku.

Hebu niambie kitu kimoja. Huyo jamaa yako anavaa kofia nyekundu na kila sentensi anakuita "bosi wangu"? Kama ndiye, msalimie. Mwambie mweka hazina anamtafuta.