Jibu: Waliniuliza kama nitazaa karibuni, kisha wakaninyima kazi
Habari dada. Kumbe kwenye usaili walikuuliza kama una mpango wa kuzaa, kazi akapewa mwingine, na sasa hujui uanzie wapi.

Kwanza andika leo hii, kabla hujasahau: nani aliuliza, kwa maneno gani, nani alikuwepo. Nimekaa upande wa pili wa meza ile ya usaili, wa wanaouliza, miaka kadhaa. Kilichotubana ni karatasi za alama tulizowapa waombaji, si malalamiko. Basi omba kwa barua pepe vigezo na alama zako. Usitaje mahakama bado, watafunga midomo.

Swali wanaloulizwa wanawake peke yao ni ubaguzi hata likisemwa kwa tabasamu. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unataja jinsia waziwazi. Ila wahi: kwingine muda wa kulalamika ni miezi 3 tu.