Mkahawa wa Kifahari, Mfuko Mwembamba

SWALI: Nataka kumpeleka mwenzangu kula mkahawa wa hadhi ya juu, ila pesa yangu ni ya kuhesabu. Nifanyeje bili isinitoe jasho?

JIBU: Nendeni mchana. Mikahawa mingi ya daraja hilo huwa na menyu ya mchana ya bei moja, kozi 2 au 3 (yaani sahani zinazoletwa kwa zamu), kutoka jiko lilelile la usiku, kwa bei nafuu. Ukipiga simu kuweka nafasi, uliza kama kodi na ada ya huduma zimo ndani ya bei. Zikiongezwa juu, tuseme asilimia 16 na 10, chakula cha 100 kinafika 126 au zaidi. Wengi huumbuka hapo: wamepiga hesabu ya menyu, si ya bili.

Vinywaji ndivyo hasa vinavyokausha mfuko. Mhudumu akiuliza, "Maji ya kawaida au yenye gesi?" mara nyingi anamaanisha ya chupa. Ikiwa ya bomba ni salama, omba jagi la hayo. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150, nanyi ni wawili, kwa hiyo kama kila mtu anakunywa moja, agizeni kwa glasi.

Chakula maalumu cha siku kikitajwa kwa mdomo, uliza bei. Si aibu hata kidogo. Kitindamlo kimoja, vijiko viwili. Bili ikija, isome mstari kwa mstari: ada ya huduma ikiwemo, bahshishi ni hiari yako.